Vifo vya Wanawake Watu Wazima Nchini Mauritius

Kiwango cha vifo vya wanawake watu wazima huhesabiwa hivi: kati ya wasichana 1,000 waliofikisha miaka 15, ni wangapi hufariki kabla ya kutimiza 60. Huo ni umri wa kuzaa, kulea na kufanya kazi, na ndiyo sababu kipimo hiki hufichua hali ya nchi zaidi kuliko hesabu ya hospitali na madaktari wake. Mauritius, kisiwa kidogo kilicho mashariki ya Madagaska, kina kumbukumbu ndefu za vizazi na vifo, na historia ya wanawake wake inasomeka humo vizuri.

Kisiwa hakikuwa na wenyeji. Waholanzi walikijaribu, wakakiacha mwaka 1710; Wafaransa wakakichukua mwaka 1715 na kuingiza watumwa kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa kila mwaka. Wenye mashamba walitaka mikono ya kulima, kwa hiyo wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, na vifo vilizidi vizazi. Pengo lilizibwa na merikebu zilizoleta watu wapya. Waingereza walikiteka kisiwa mwaka 1810, na utumwa ukakomeshwa mwaka 1835.

Badala ya watumwa waliletwa vibarua wa mkataba kutoka India, zaidi ya 450,000 kuanzia 1834 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanzoni wanawake walikuwa wachache mno, hata serikali ikalazimika kuweka sharti la kiasi cha wanawake katika kila msafara. Waliokuja waliishi katika kambi za mashamba ya miwa, wakipalilia, wakipika na kuzaa mahali palipokosa maji safi. Kipindupindu kilipita mwaka 1854 na kuua maelfu.

Hata hivyo, hadi wakati huo kisiwa hakikuwa na malaria. Mbu wanaoieneza waliingia katika miaka ya 1860, bila shaka kwa vyombo vya baharini, wakakuta mifereji, vinamasi na mashamba yaliyofyekwa misitu. Homa ilianza mwaka 1866, na mwaka uliofuata ikawa msiba usio na mfano: zaidi ya watu 30,000 walikufa katika nchi yenye watu mia tatu na kitu elfu. Port Louis, mji mkuu, ndio ulioumia zaidi. Kwinini, dawa ya malaria, ilikuwa haba na bei yake ikapanda hadi maskini wasiimudu. Matajiri walihamia nyanda za juu zenye baridi, Curepipe na jirani zake, ambako reli ilikuwa imekwisha kufika. Vibarua walibaki chini, karibu na miwa na mbu. Tangu hapo ramani ya makazi ya kisiwa ilikuwa pia ramani ya vifo.

Kwa mwanamke, malaria ilikuwa na ukatili wa pekee. Mtu mzima anayeishi palipo na homa hujenga kinga kiasi, lakini mimba huidhoofisha kinga hiyo, hasa mimba ya kwanza. Vimelea hujificha katika kondo la nyuma, damu ya mama hupungua, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Safura ilikuwa imeenea pia katika kambi, kwa kuwa watu walitembea pekupeku kwenye udongo mchafu, na minyoo yake ilizidi kumnyonya damu mama yule yule. Mwanamke aliyefika siku ya uchungu akiwa hana damu ya kutosha aliweza kufa kwa kutokwa na damu ambayo mwenye afya angeistahimili. Cheti cha kifo kingeweza kutaja uzazi, au homa, au udhaifu. Chanzo kilikuwa kimoja.

Ronald Ross, aliyegundua kwamba mbu ndiye mbebaji wa vimelea, alialikwa kisiwani mwaka 1907. Alipima bandama za watoto ili kujua malaria imeenea kiasi gani, kisha akashauri vinamasi vikaushwe na mito isafishwe. Kazi ilifanyika hapa na pale, nayo ilisaidia, lakini haikutosha.

Katika miaka ya 1942–46, iliyojumuisha vimbunga na mlipuko wa polio wa 1945, mwanamume alitarajiwa kuishi takriban miaka 32 na mwanamke 34. Pengo hilo la miaka miwili tu linasema mengi. Mahali ambapo uzazi si hatari, wanawake kwa kawaida huwapita wanaume kwa miaka mingi zaidi. Hapa mimba, homa na upungufu wa damu vilikuwa vimeila sehemu ya faida yao.

Mabadiliko yalikuja ndani ya nyumba zenyewe. Kuanzia mwaka 1949 wapuliziaji wa DDT, dawa ya kuua wadudu, walipita nyumba kwa nyumba wakinyunyizia kuta na dari. Anopheles funestus, mbu aliyekuwa mwuaji mkuu, hupenda kupumzika ukutani akishashiba damu; akitua juu ya dawa, hufa. Katika miaka michache alitoweka kisiwani. Kufikia 1951–53 umri wa kuishi ulikuwa karibu 50 kwa wanaume na 52 kwa wanawake, na kufikia 1961–63 ulikuwa 59 na 62. Chakula bora baada ya vita na penisilini vilichangia, lakini ni vigumu kueleza kasi hiyo bila mbu kuondoka.

Watoto wengi walipopona, hofu ya msongamano iliibuka. Chama cha uzazi wa mpango kilianzishwa mwaka 1957. Mwanamke aliyekuwa akizaa watoto takriban sita mwanzoni mwa miaka ya 1960 alizaa watatu na kidogo muongo mmoja baadaye, na karibu wawili katikati ya miaka ya 1980, wakati wasichana waliosoma walipokuwa wakiolewa wakiwa wakubwa zaidi na kuajiriwa katika viwanda vya nguo. Kila mimba iliyopungua iliondoa nafasi moja ya kufa.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1973 kwamba malaria imetokomezwa. Baada ya kimbunga Gervaise cha 1975 ilirudi kwa miaka kadhaa, ikazimwa tena. Hadi leo wageni kutoka nchi zenye malaria, Tanzania na Kenya zikiwamo, hufuatiliwa na maafisa wa afya na kupimwa damu.

Adui wa sasa ni mwingine. Takriban mtu mzima mmoja kati ya watano ana kisukari, ambacho huharibu moyo na figo za wanawake wakiwa bado katika umri wa kazi, na saratani ya matiti inaongoza kwa vifo vya saratani miongoni mwao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliagiza mafuta ya kupikia ya mgao, yaliyokuwa hasa ya mawese, yawe ya soya, na uchunguzi uliofuata ulionyesha lehemu katika damu za watu imeshuka. Mwanamke wa Mauritius sasa hutarajiwa kuishi zaidi ya miaka 76, takriban sita zaidi kuliko mwanamume. Watoto wanaozaliwa kwa mwaka ni wachache kiasi kwamba kifo cha mama mmoja au wawili huonekana mara moja katika takwimu za taifa.