Nani atalisha wazee? Historia ya uzee kule Uchina

Huku kwetu watu wanapenda kusema: Wachina wanaheshimu wazee, iko mu damu yao. Hapana, si damu. Ukifungua historia utakuta sheria, shamba na fimbo.

Chukua sheria za wafalme wa Tang, za mwaka 653. Mtoto aliyejitenga na kugawa mali wakati wazazi wangali hai alihukumiwa kifungo cha kazi ngumu miaka 3. Asiyewatunza inavyofaa, miaka 2. Mwenye kuwatukana alinyongwa. Confucius alikuwa amefundisha heshima kwa wazazi zaidi ya miaka elfu moja mbele ya hapo, lakini watawala waliona mafundisho peke yake hayatoshi. Tena mwenye shamba alikuwa baba. Kijana akitaka kulima, akitaka kuoa, anapita kwake. Binti naye akiolewa alienda kutumikia wazazi wa mume. Njo maana kila nyumba ilitafuta mtoto mwanaume.

Wakomunisti walikamata utawala mwaka 1949. Waligawa mashamba, walivunja nguvu ya ukoo, lakini deni la mtoto kwa mzazi hawakuligusa: Sheria ya Ndoa ya 1950 ililiandika wazi. Mwaka 1951 wafanyakazi wa viwanda vya mjini wakapata pensheni, mwanaume akifika miaka 60, mwanamke 50. Na mkulima? Hakuna kitu. Kijijini, tangu 1956, mzee asiye na mtu aliwekwa chini ya "dhamana tano": chakula, nguo, kuni, masomo (hii ni ya yatima), na mazishi. Hii ya mazishi inanigusa. Aliyeandika ile orodha alijua vizuri mzee wa kijiji anaogopa nini usiku. Lakini angalia: ilikuwa ya mtu asiye na watoto. Mwenye watoto, watoto njo pensheni yake.

Sasa tunafika fasi yenye inauma. Kuanzia 1980 Leta ikasema: mtoto mmoja. Miaka ileile mashamba ya pamoja yakavunjwa, vijana wakaacha vijiji na kukimbilia viwanda vya Shenzhen na Guangzhou. Na katiba ya 1982, kifungu cha 49, ikaandika kwamba watoto wakubwa wana wajibu wa kutunza wazazi wao. Unaona hesabu? Mkono mmoja unapunguza watoto, mkono mwingine unawabebesha wazee. Wachina wenyewe waliipa jina, 4-2-1: babu na bibi wane, wazazi wawili, mtoto mmoja chini yao wote. Vijijini, fasi nyingi, Leta ilikubali mtoto wa pili kama wa kwanza ni binti. Kumbe ilijua vizuri nani analisha wazee kule.

Pensheni ya kijijini ilianza kufika 2009: yuan 55 kwa mwezi kwa mwenye miaka 60. Kidogo sana, lakini ilikuwa pesa yenye hakuombea mtoto. Tarehe 1 Julai 2013 sheria mpya ikaanza kudai watoto wenye kukaa mbali na wazazi wawatembelee mara kwa mara. Siku ileile, tribinali moja ya Wuxi iliamuru binti amtembelee mama yake wa miaka 77 angalau mara moja kila miezi 2. Watu wa Tang walikuwa na kazi ngumu. Hawa wana kalenda.

Amri ya mtoto mmoja iliisha 2016. Hesabu ya watu ya 2020 ilikuta wenye miaka 60 na zaidi ni milioni 264. Tangu Januari 2025 umri wa pensheni unapandishwa polepole, kwa muda wa miaka 15: wanaume mpaka 63, wanawake wa viwandani toka 50 mpaka 55. Lakini mjini, mwenye kuzaa amezoea kungojea mama yake atoke kazini aje kumulelea mutoto. Sasa bibi naye atachelewa kiwandani.