Hadhana ya Mwenye Wazimu: Kutoka Vitabu vya Fiqhi hadi Bimaristani

 

Ndugu msomaji, mwanafunzi wa fiqhi anapofika mlango wa hadhana, fikra yake humwendea mtoto mdogo na wazazi walioachana. Lakini Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H) katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa sana katika darsa zetu za pwani, hakuifunga hadhana kwa mtoto peke yake. Ameifungamanisha na kila asiyeweza kuyasimamia mambo yake. Mshereheshaji wake, Khatib Shirbini (aliyefariki 977 H), akatoa mfano wa mtu mzima mwenye wazimu. Kisha mafaqihi wakaeleza kazi zenyewe za hadhana: kumwosha mwili, kumfulia nguo, kumpaka mafuta, kumlinda na kinachomdhuru. Hizo ndizo kazi ambazo leo tunaziita uuguzi.

Maradhi tunayoyakusudia hapa ni yale madaktari wanayoyaita saikosisi, na aina yake inayojulikana zaidi ni skizofrenia. Mgonjwa husikia sauti asizozisikia mwengine, huamini jambo lisilokuwapo wala asitoke katika imani hiyo kwa hoja, huwashuku hata mama yake na ndugu zake, na huenda akaacha kuoga na kula. Mara nyingi huanza ujanani. Kwa wengi huja na kuondoka, na hili mafaqihi walilitambua zamani. Waligawanya wazimu ulioshika moja kwa moja na wazimu wa vipindi, wakasema wa pili, anapozindukana, hurejewa na taklifa zake. Kwa Mashafii, sala zilizompita katika muda wa wazimu usiokuwa wa kujitakia halazimiki kuzilipa.

Mwendo wa Mtume (SAW) na Sahaba

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Anas (RA) kisa cha mwanamke aliyekuwa na kitu katika akili yake. Alimwambia Mtume (SAW) kuwa ana haja naye. Mtume (SAW) hakumfukuza wala hakumpa mtu mwengine amsikilize. Alimwachia achague njia yoyote aipendayo, akasimama naye humo mpaka akamaliza haja yake.

Na Abu Daud amepokea kuwa aliletwa mbele ya Umar (RA) mwanamke mwenye wazimu aliyezini, ikaamuliwa apigwe mawe. Ali (RA) akamkumbusha hadithi ya watu watatu walioinuliwa kalamu, na mmoja wao ni mwenye wazimu mpaka apate akili. Mwanamke yule akaachiwa. Tuzingatie hapa: kalamu imeinuliwa kwake yeye, haikuinuliwa kwetu sisi tulio na akili. Haki zake zimebaki kamili. Mali yake ina msimamizi, nafaka yake akiwa fakiri iko juu ya jamaa zake, na katika Suratun Nisaa, aya ya 5, wale wasioweza kusimamia mali wameamrishwa kulishwa, kuvishwa na kuambiwa maneno mema.

Bimaristani na wakfu

Neno bimaristani ni la Kifursi, na maana yake ni mahali pa wagonjwa. Wanahistoria wanaitaja kazi ya Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik mjini Damascus, mwaka 88 H (707 M), kuwa ndiyo mwanzo wa nyumba hizi katika Uislamu. Ahmad bin Tulun akajenga ya kwake Misri mwaka 259 H (takriban 873 M), na ndani yake palikuwa na sehemu ya wenye wazimu. Maqrizi anasimulia kuwa Ibn Tulun alikuwa akienda mwenyewe kila Ijumaa kuwakagua wagonjwa. Siku moja mmoja katika wenye wazimu alizungumza naye kwa ufasaha, akaomba komamanga. Alipopewa, akamtupia nalo kifuani mpaka nguo zikachafuka. Ibn Tulun aliamuru mtu yule alindwe vizuri, lakini yeye mwenyewe hakurudi tena. Kila aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa akili atakielewa kisa hiki, kwani huruma peke yake huchoka. Ndiyo maana maulamaa na watawala wakaifunga kazi hii kwa wakfu, ili isitegemee moyo wa mtu mmoja.

Msafiri Ibn Jubayr alipofika Cairo mwaka 578 H (1183 M), aliikuta bimaristani ya Salahuddin ikiwa na vyumba vya wenye wazimu vyenye madirisha ya chuma, na watu waliowekwa kuwaangalia kila siku. Damascus, mwaka 580 H (1184 M), aliiona ile ya Nuruddin Zangi, na akaeleza wazi kuwa wenye wazimu walikuwa na matibabu yao, na pia walikuwa wamefungwa minyororo. Tusilifiche hili tunaposifu yaliyopita.

Sultani Qalawun, kabla ya kutawala, aliugua akiwa Damascus akatibiwa kwa dawa kutoka bimaristani hiyo ya Nuruddin. Akaweka nadhiri, na mwaka 683 H (1284 M) akajenga Cairo bimaristani iliyokuwa kubwa kuliko zote za zama zake. Wakfu wake uliwahusu matajiri na mafakiri, wanaume na wanawake. Ulitaja vitanda na matandiko, vyombo vya chakula vyenye vifuniko, vipepeo vya ukindu kwa siku za joto, wahudumu wa kiume na wa kike, na gharama za kumkafini atakayefariki. Kipepeo cha ukindu ni kitu kidogo, lakini kiliandikwa katika hati ya wakfu kwa sababu kumpepea mgonjwa ni haki yake.

Kule Halab (Aleppo), Amir Arghun al-Kamili alijenga bimaristani mwaka 755 H (1354 M), ikiwa na nyua na birika za maji kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid II alijenga nyingine baina ya 1484 na 1488 M. Evliya Çelebi, aliyeizuru katika karne ya 17 M, ameandika juu ya maua, vyakula vizuri na muziki waliotibiwa nao. Mafaqihi wana maneno yao kuhusu ala za muziki, wala hapa si mahali pake. Tunachokusudia ni kuwa mgonjwa alionekana ni mtu wa kutulizwa.

Kisha wakfu zikadhoofika. Kufikia karne ya 19 M, wageni waliozuru bimaristani ya Qalawun waliwakuta wenye wazimu katika vijumba, wamefungwa kwa minyororo shingoni. Uuguzi ulikwisha, mnyororo ukabaki.

Tuliyonayo leo

Ndugu Waislamu, mpaka leo wako wanaofungwa nyuma ya nyumba kwa kamba, wanaopigwa viboko kwa madai ya kumtoa jini, na wanaoambiwa waache dawa ili kisomo kifanye kazi. Kisomo kina asili yake. Abu Daud amepokea kuwa Sahaba alimsomea Suratul Fatiha kwa siku tatu, asubuhi na jioni, mtu mwenye wazimu aliyekuwa katika minyororo, akapona. Lakini katika kisa hicho hamna kiboko wala katazo la dawa. Na Mtume (SAW) aliyefundisha kisomo ndiye aliyeamrisha watu wajitibu.

Tangu 1952, klopromazini ilipoanza kutumiwa Paris kwa wagonjwa hawa, zimepatikana dawa ambazo waliotutangulia hawakuwa nazo, nyingine za kumeza kila siku na nyingine za sindano kila baada ya wiki kadhaa. Haziponyi kila mtu, lakini wengi hutulia, na akiacha ghafla maradhi hurudi. Basi imamu akiletewa kijana wa namna hii, amsomee, kisha awahimize jamaa zake wampeleke hospitali, iwe Mathari Nairobi, Mirembe Dodoma, Kidongo Chekundu Unguja au kituo kilicho karibu. Awafundishe kumkumbusha dawa, kuangalia usingizi na chakula chake, kutobishana naye juu ya sauti anazozisikia wala kumcheka. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake. Na Ramadhani ikikaribia, waulize daktari kwanza kabla ya kubadilisha nyakati za dawa.

Na misikiti yetu iliyo na wakfu wa maduka na mashamba, haitakuwa bid'a ikitenga fungu la nauli na dawa za wagonjwa hawa, na la kumpumzisha mama ambaye hajalala kwa kumlinda mwanawe. Waliotutangulia waliandika mpaka kipepeo.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, na awape subira na ujira wale wanaowauguza. Wabillahi tawfiq.