Mukombero, Supu ya Pweza na Zile Poda za Tao: Nini Hasa Huongeza Nguvu Kitandani?

Ukishuka tao jioni, huwezi kosa msee amebeba mukombero na njugu karanga. Hatua mbili mbele, mwingine amepanga vichupa vya poda, anakuapia ukikoroga kijiko kimoja kwa uji, usiku huo mresh wako atakuheshimu. Ukiingia kwa simu, kuna mwingine anakuuzia vidonge vya "asili kabisa". Sasa doo yako iende wapi?

Kabla utoe chochote, shika hii moja: chakula hufanya kazi polepole, kwa wiki na miezi. Kitu kikikubadilisha kwa nusu saa, hicho si chakula, hiyo ni dawa, hata kama muuzaji amekuonyesha mti ilikotoka.

Mwili hufanya kazi aje?

Kwa wanaume, kusimama ni mambo ya damu. Ukisisimka, mwili unatoa gesi inaitwa naitriki oksidi, ambayo inalegeza mishipa. Mishipa ikifunguka, damu inaingia na kubaki huko. Hamu nayo inatoka kwa ubongo na homoni kama testosteroni, ambayo hata madame wako nayo, ila kidogo.

Kwa hivyo kuna msee ana hamu lakini damu haifiki, na kuna mwingine damu iko fiti lakini mawazo ya rent yamemaliza hamu. Hizo ni shida mbili tofauti, na hakuna chakula kimoja kinatatua zote.

Vyakula: ukweli wa kila kimoja

1. Mukombero. Hii ni mizizi ya mmea unaoitwa Mondia whitei, unaomea msitu wa Kakamega na sehemu zingine. Ukitafuna unaanza na uchungu, halafu utamu, na harufu kama ya vanila. Watafiti wameijaribu kwa panya wa maabara na wakaona homoni zikipanda. Kwa binadamu, utafiti bado ni mdogo sana. Tafuna ukipenda, lakini usitarajie miujiza.

2. Supu ya pweza. Ukifika Mombasa jioni utaikuta kando ya barabara, moto, na ndimu na pilipili. Pweza ana protini, zinki na vitamini B12. Hicho ni chakula kizuri, hasa kwa mtu ameshinda siku nzima na smokie na soda. Ile joto unasikia mara moja ni pilipili, boss.

3. Tikiti maji na bitiruti. Tikiti lina sitrulini na bitiruti ina naitreti, na mwili hutumia zote mbili kutengeneza ile naitriki oksidi. Kwa hivyo zinasaidia mishipa, lakini kipande kimoja cha tikiti hakitakufanya simba.

4. Njugu, mbegu za malenge na omena. Hapa unapata zinki. Mtu aliyepungukiwa na zinki anaweza kushuka testosteroni, na akila vizuri inarudi. Lakini kama unayo ya kutosha, kuongeza nyingine hakukupandishi.

5. Managu, terere, ndengu na maini. Madame, hii ni yenu. Ukipoteza damu nyingi kila mwezi, madini ya chuma yanaisha, unachoka, na hamu inaenda nayo. Hizi zinarudisha. Ila usishushie na chai, juu chai huzuia mwili kunyonya hayo madini. Ngoja kama saa moja. Ukiwa na mimba ama unajaribu kupata, ruka maini, yana vitamini A nyingi sana.

Vidonge vya kopo

Maca ya Peru na ashwagandha ya India ndizo zinavuma. Zote zimefanyiwa tafiti ndogo ndogo, matokeo ni mchanganyiko. Ashwagandha imewahi kuhusishwa na kuumia kwa ini kwa watu wachache. Zinki ya vidonge, mtu mzima asipite miligramu 40 kwa siku bila daktari, juu ikizidi kwa muda inazuia mwili kupata shaba.

Sasa zile poda

Hapa ndipo noma iko. FDA, wasimamizi wa dawa wa Marekani, wamepima bidhaa nyingi za "asili" za nguvu za kiume na kupata zimechanganywa kisiri na sildenafili, ile dawa iliyo ndani ya Viagra. Ndiyo maana zinashika haraka. Shida ni kwamba hujui umekula kiasi gani.

Sildenafili yenyewe si sumu, daktari huiandika kila siku. Lakini ikikutana na dawa za moyo zinazoitwa naitreti, presha inaweza kuanguka hadi ukafa. Fikiria mzee wako amepewa kijiko cha hiyo poda na rafiki, na kwa droo ana dawa za kifua. Na ukiona imesimama zaidi ya masaa 4 na haishuki, usicheke, usingoje asubuhi. Kimbia hosi, la sivyo unaweza kuharibika kabisa.

Ukitaka dawa, ingia kemisti iliyosajiliwa na Pharmacy and Poisons Board, useme ukweli kuhusu dawa zingine unazotumia.

Zenye hazikugharimu kitu

Lala. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 10 wenye afya masaa 5 tu kwa wiki moja, na testosteroni ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Msee anayekesha na simu kisha ananunua poda anajaza ndoo imetoboka.

Punguza fegi, huharibu mishipa. Muguka na miraa hubana mishipa na kukunyima usingizi. Pombe inakupa ujasiri lakini inalaza mwili. Tembea, piga tizi.

Ukiona hivi, nenda upimwe

Kama unaamka asubuhi ikiwa imesimama lakini ukiwa na dame inagoma, mara nyingi shida ni wasiwasi. Ongea na mtu. Lakini kama imegoma hata asubuhi, kwa wiki kadhaa, pima presha na sukari. Mishipa ya huko chini ni midogo kuliko ya moyo, kwa hivyo ikianza kuziba, huko ndiko huonekana kwanza. Inaweza kuwa mwili unakuonya miaka kadhaa kabla ya moyo kusumbua.

Poda inaweza kunyamazisha hiyo onyo usiku mmoja. Shida yenyewe bado iko. Kula njugu zako, furahia supu, lakini kipimo usikwepe kwa aibu.