Shanga za Ujiji na Kadi ya Kugusisha

Mwaka juzi, katika mji ambao siutaji, nilipanga foleni kwenye geti la usafiri nyuma ya bibi mmoja. Nauli yake alikuwa nayo kamili, sarafu amezifunga kwenye pindo la kanga. Akalifungua lile fundo, akamnyooshea mhudumu mkono. Mhudumu akamwambia, wala si kwa ukali, "Bibi, hapa hela hatupokei. Ni kadi tu."

Bibi akamtazama. "Hela hampokei? Sasa mnapokea nini?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikaacha. Mimi ni mtu wa Tabora, na kwetu swali la yule bibi ni la zamani kuliko reli. Kwenye njia ya misafara, kuanzia Bagamoyo kupitia Ugogo na Unyanyembe hadi Ujiji, swali la kwanza la kila msafiri lilikuwa hilohilo: huko mbele wanapokea nini?

Burton na Speke walifika Kazeh, yaani hapa Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya mwendo wa siku 134 kutoka pwani. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya frasila mbili, na sehemu kubwa ya mizigo hiyo haikuwa chakula wala dawa. Ilikuwa nauli. Marobota ya merikani, kitambaa kilichofumwa Marekani, kaniki kutoka India, waya wa shaba, na shanga. Pesa yenyewe ilihitaji watu wa kuibeba, na hao watu walihitaji posho, na posho ilinunuliwa kwa pesa ileile waliyokuwa wameibeba. Basi msafara ulikuwa unajila wenyewe kadiri unavyosonga mbele.

Palepale njiani palikuwa na hongo. Leo neno hilo lina aibu. Ukisema fulani kala hongo, umeshamfikisha TAKUKURU. Zamani lilikuwa jina la malipo halali ambayo msafara ulimpa mtemi ili upite katika nchi yake. Wazungu waliosafiri hapa waliyalalamikia sana malipo hayo, hasa Ugogo, ambako mazungumzo ya hongo yaliweza kula siku kadhaa. Lakini Ugogo ni nchi kavu. Mtu wa pwani anakuja na mamia ya watu na punda, wanakunywa maji ya kisima ulichochimba wewe, wanaondoka. Huyo akilipa, amekuibia nani? Nikiwasoma wasafiri wale huwa nasoma na kiti cha mtemi kando, hata kama yeye hakuandika kitabu.

Kuna jambo moja lazima lisemwe kabla sijaendelea. Njia hii ilipitisha pia watu ambao hawakulipa nauli yoyote, kwa sababu wao walikuwa bidhaa. Walitembea kwa minyororo kuelekea pwani. Tukiisifia miembe mizee iliyobaki kati ya Tabora na Ujiji, tukumbuke ni nani waliopita chini ya vivuli vyake.

Sasa turudi kwenye shanga, maana humo ndimo kadi ilimojificha. Stanley, aliyepita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliandika kwamba kuchagua shanga kulimsumbua akili. Nyeusi zilikuwa pesa Ugogo, lakini ukivuka Ugogo hazinunui hata yai. Nyeupe zilipendwa Ufipa, zikadharauliwa Ukonongo. Ukikosea hesabu, unafika na mzigo mzima wa utajiri usio na kazi. Kila nchi na shanga zake.

Na Ujiji walikwenda mbali zaidi. Cameron, aliyefika huko Februari 1874, alikuta sokoni shanga za pekee zilizoitwa sofi. Asubuhi soko likifunguka, walikuwepo watu wenye mifuko iliyojaa sofi. Mnunuzi aliwapa shanga zake nyingine, wakampa sofi, naye akaenda kununua samaki na unga. Soko likifungwa, wauzaji waliwarudishia watu walewale zile sofi na kupewa kitu kingine. Wenye mifuko walipata faida mara mbili: wakati wa kutoa na wakati wa kupokea.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Ni nini hicho kama si kuongeza salio? Unatoa pesa inayokubalika popote, unapewa pesa inayokubalika mahali pamoja tu, na anayekubadilishia anakaa katikati.

Kadi yenyewe haina uchawi. Ndani yake mna kipande kidogo cha elektroniki na waya mwembamba uliozungushwa kama antena. Haina betri, ukiisogeza karibu na mashine, inapata umeme kutokana na mawimbi ya mashine hiyo, inajitambulisha, nauli inakatwa, geti linafunguka. Hong Kong wana kadi yao ya Octopus tangu 1997, London wana Oyster tangu 2003. Kigali nao waliingiza Tap&Go kwenye mabasi yao. Kwetu kuna N-Card, iliyoanza kuzoeleka kwa watu wa kivuko cha Kigamboni na kwa mashabiki wa mpira Uwanja wa Benjamin Mkapa.

Sababu inayotolewa kila mahali ni ileile: kuziba mianya, pesa isiishie mifukoni mwa watu. Wala si sababu mpya. Miaka ya 1830 huko Uingereza, Thomas Edmondson, karani wa reli, alibuni tiketi za kadi ngumu zenye namba mfululizo, ili kila karani aweze kukaguliwa: tiketi ngapi zimeondoka, shilingi ngapi zimeingia. Tiketi za namna hiyo zilifika hadi kwetu. Reli ya Wajerumani ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kwenda Ujiji bila kujadiliana na yeyote njiani. Bei moja, imeandikwa, basi. Hongo ilikufa kama ushuru, ikafufuka kama rushwa.

Hata hivyo Tabora haikuliacha lile swali la zamani. Mwaka 1916, vita vikiwa vimekata mawasiliano na Ulaya, Wajerumani waliishiwa sarafu. Wakazigonga hapahapa, kwenye karakana ya reli: heller za shaba, na ile rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Sarafu ya tembo leo inatafutwa na wakusanyaji dunia nzima, lakini kama pesa ya kununulia kitu iliishi muda mfupi kuliko mbuzi.

Wakenya wamelipitia somo la shanga juzijuzi tu. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta BebaPay, kadi ya kulipia matatu. Zikaja na kadi nyingine za wengine. Serikali ikaagiza kwamba kuanzia Julai 2014 matatu ziache kupokea pesa taslimu. Agizo halikushika, na BebaPay ilifungwa 2015. Kondakta na dereva waliishi kwa pesa ya mkononi ya kila siku: mafuta, chakula, na, tuseme ukweli, hongo ya barabarani. Ukiondoa pesa mkononi umegusa riziki ya watu wengi kwa pigo moja, na hakuna aliyekaa nao wakazungumza kama walivyozungumza watemi na viongozi wa misafara. Nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Mirambo. Mwaka 1871, Stanley anasimulia, msafara wa Waarabu ulisimamishwa katika nchi ya Mirambo ukaambiwa utoe marobota matano ya nguo, bunduki tano na mapipa matano ya baruti. Walibishana zaidi ya siku nzima, wakalipa. Kisha Mirambo akawaambia warudi walikotoka. Vita vikazuka, na njia ya Ujiji ikafungika. Mirambo alikuwa na sababu zake, maana wafanyabiashara wa Unyanyembe walikuwa wameshajiingiza katika siasa za Unyamwezi. Ila mantiki ya njia ilivunjika siku ile: malipo yamepokelewa, geti halikufunguka. Kama umewahi kugusisha kadi, salio likakatwa na lile chuma likabaki limefunga, unaijua hasira yao kidogo. Tofauti ni kwamba wao walijua jina la aliyewafungia. Wewe unamgombeza nani? Mashine?

Siipingi kadi. Reli ya kisasa ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, na tiketi yake inasomwa na mashine getini. Kipande cha kuja Tabora kinajengwa, siku moja geti hilo litasimama hapa kwetu, na mimi nitakuwa wa kwanza foleni. Ila ningeomba wenye kadi wasome kidogo habari za njia hii. Wajiulize kama shanga ya Ugogo itapokelewa Ujiji. Wajiulize salio lisilotumika linabaki kwenye mfuko wa nani jioni soko likifungwa. Na getini wamweke mtu mwenye jina, wa kuzungumza naye.

Yule bibi alivuka. Kijana mmoja nyuma yangu alipenya mbele, akagusisha kadi yake kwa niaba yake. Bibi akamhesabia zile sarafu moja moja kiganjani, mpaka ya mwisho. Kijana akakataa kupokea. Bibi akakataa kukataliwa. "Mimi siombi," akasema, "mimi nasafiri."