Maji, kwinini na usingizi: watu wa filamu walivyopigania afya zao

Katika filamu ya The African Queen kuna mahali ambapo Katharine Hepburn, akiigiza dada wa mmisionari, anapiga kinanda kanisani na kuimba. Mtazamaji anaona mwanamke mkakamavu, shingo imenyooka, jasho linamtiririka. Asichokiona ni ndoo. Iliwekwa pembeni, nje ya macho ya kamera, kwa sababu Hepburn alikuwa anaumwa tumbo vibaya, na kila kamera iliposimama alitapika. Hiyo ilikuwa 1951. Mwongozaji John Huston alikuwa amewaleta watu wake kutoka Uingereza na Marekani hadi Kongo ya Wabelgiji, kwenye Mto Ruiki, kisha Uganda, kwenye Ziwa Albert na Maporomoko ya Murchison. Kuhara damu na malaria vikawaangusha mmoja baada ya mwingine.

Watu wengi wanaikumbuka safari ile kwa kisa cha Humphrey Bogart na Huston, ambao hawakuugua. Bogart alipenda kueleza kwamba alikula maharage na asparaga za makopo, akanywa whisky ya Kiskoti. Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko mpaka leo, nami sioni cha kuchekesha ndani yake. Bogart alikufa Januari 1957 kwa saratani ya umio akiwa na miaka 57, baada ya maisha marefu ya sigara na pombe kali. Whisky haikuwa kinga. Kilichomwokoa kambini ni kwamba hakuyagusa maji.

Hepburn aliyagusa, tena kwa makusudi. Baba yake alikuwa daktari, na yeye mwenyewe aliamini katika maji mengi, kuogelea na kulala mapema. Alikunywa glasi baada ya glasi mbele ya wale wawili ili kuwasuta kwa ulevi wao, na maji yaleyale yakamlaza kitandani. Alikuwa mtu anayejali afya yake kuliko wote pale, na ndiye aliyeumia. Hapo tatizo la kambi ya filamu linaonekana wazi. Nidhamu ya mtu mmoja haitoshi kama maji ya kambi nzima si salama. Maji salama ni kazi. Ni kuni, ni sufuria kubwa, ni mtu anayeamka kabla ya wengine kuyachemsha yakatokota, akayaacha yapoe, akayatia kwenye chombo chenye mfuniko, kisha akarudia jioni. Mtu huyo asipokuwapo, au akiwapo lakini hapewi kuni za kutosha, orodha ya wagonjwa inaanza kurefuka. Jina lake halionekani kwenye skrini.

Watayarishaji wenyewe walizijua hatari za maji yale. Sehemu ambazo Bogart na Hepburn wanaingia majini na kuikokota boti hazikupigwa Afrika. Zilipigwa kwenye matangi ya studio ya Isleworth, karibu na London, kwa kuwa mto ulionekana wa hatari mno kwa mastaa. Huku kwetu, wakati huohuo, vijana wa Kongo na Uganda walikuwa majini kila siku wakivuta kamba, wakisukuma rafu zilizobeba kamera na taa, wakikata miti na kujenga majukwaa. Kuhusu tumbo la Hepburn tunajua mengi, maana yeye mwenyewe aliandika kitabu juu ya safari ile mwaka 1987. Kuhusu afya za vijana wale hatuna kumbukumbu kama hiyo, na pengo hilo linanisumbua kila ninapoisoma historia hii.

Huston hakuwa wa kwanza. Miaka 22 kabla yake, mwaka 1929, kampuni ya MGM ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke Afrika Mashariki kupiga Trader Horn. Kikosi kilishukia Mombasa, kikazunguka kwa miezi Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Zama zile hapakuwa na antibayotiki za kumpa mgonjwa. Kulikuwa na kwinini, chandarua na bahati, na bahati iliwakimbia wengi. Malaria iliwapiga wageni vibaya. Masimulizi ya filamu hiyo yanataja mfanyakazi mwenyeji aliyeanguka mtoni akaliwa na mamba, na mwingine aliyeshambuliwa na kifaru huku kamera ikiendelea kuzunguka. Picha ya kifaru haikutupwa. Iliachwa ndani ya filamu, na watu wakalipa kiingilio kuitazama.

Aliyejulikana zaidi kwa kuumia ni mwigizaji Edwina Booth. Aliigiza akiwa nusu uchi juani, kwenye majani marefu yanayokata ngozi, na akarudi Marekani akiwa mgonjwa. Alikaa miaka akitafuta matibabu, akaishtaki MGM akidai zaidi ya dola milioni 1, na mwisho wakamalizana nje ya mahakama. Uigizaji wake ukaishia hapo. Magazeti yalivumisha mara kadhaa kwamba amekufa, kumbe aliishi mpaka 1991. Filamu yenyewe, iliyotoka 1931, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora.

Ndani ya Trader Horn alikuwamo Mkenya, Mutia Omoolu, aliyeigiza mbeba bunduki wa mfanyabiashara. MGM ilimchukua mpaka California kukamilisha sehemu zilizobaki. Nimewahi kuitazama filamu hiyo kwa ajili yake tu. Anatembea, anasikiliza, anabeba, na uso wake una utulivu ambao waigizaji wenzake wanautafuta bila kuupata. Booth aliweza kwenda mahakamani kudai gharama za afya yake. Mutia na wenzake hawakuwa na mlango wa kubisha.

Isidhaniwe kwamba nyumbani kwao Hollywood mambo yalikuwa shwari. Mwaka 1919 Wallace Reid, kijana aliyependwa sana na watazamaji wa filamu zisizo na sauti, aliumia kwenye ajali ya treni akielekea kupiga The Valley of the Giants. Alipewa mofini ili maumivu yatulie na kazi isisimame. Kazi haikusimama. Januari 1923 alikufa katika nyumba ya matibabu, akiwa na miaka 31, mwili umeshakuwa mtumwa wa dawa ile. Miaka ya 1930 utaratibu ulikuwa uleule. Judy Garland, akiwa bado binti mdogo mikononi mwa MGM, alibanwa kwa supu, kahawa na sigara ili asinenepe, akapewa vidonge vya kumchangamsha mchana na vingine vya kumlaza usiku. Alikufa London Juni 1969, akiwa na miaka 47 tu.

Wakati ule mwili wa mwigizaji ulikuwa mali ya studio, na ulihudumiwa kama mali. Studio ya Pathé ilikuwa na mkandaji wake, Sylvia Ulback, mzaliwa wa Norway, aliyewakanda na kuwapangia chakula mastaa kama Gloria Swanson. Mazoezi yalikuwapo, mizani ilikuwapo, daktari alikuwapo. Lakini daktari wa studio alilipwa na studio, na swali aliloulizwa asubuhi lilikuwa moja: anaweza kusimama mbele ya kamera leo? Mwaka 1938, kwenye The Wizard of Oz, Buddy Ebsen alipakwa poda ya alumini usoni ili aonekane mtu wa bati. Akaivuta kwenye mapafu, akakimbizwa hospitali akishindwa kupumua. Studio ikamweka Jack Haley mahali pake, na safari hii alumini ikachanganywa iwe mafuta ya kupaka, isipeperuke. Suluhisho lenyewe lilikuwa rahisi kiasi hicho. Lilingoja mtu alazwe kwanza.

Mambo yaliyobadilika yalibadilishwa na wafanyakazi wenyewe. Mwaka 1921 Mary Pickford, Charlie Chaplin, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith walianzisha mfuko wa kuwasaidia watu wa filamu waliokwama kwa ugonjwa au uzee. Kuanzia 1932 wenye mishahara mikubwa waliukatia nusu ya asilimia 1 ya mapato yao. Kutokana na michango hiyo zikaja nyumba za wazee huko Woodland Hills, zilizofunguliwa 1942, na hospitali mwaka 1948, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya miti. Huduma haikuwa ya mastaa peke yao. Fundi wa taa na mshona nguo walikuwa na nafasi yao.

Njia ya pili ilikuwa chama. Boris Karloff alipoigiza lile jitu la Frankenstein mwaka 1931, alikaa saa kadhaa kila siku akipakwa vipodozi, akavaa mabuti mazito, akarudia tena na tena kumpandisha mwenzake kilimani begani. Mgongo wake ulimsumbua maisha yake yote. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha waigizaji wa filamu, na saa za kazi zilikuwa moja ya sababu zilizowakutanisha. Kuanzia hapo saa ya kula na saa ya kupumzika vikaanza kuandikwa kwenye mikataba, hatua kwa hatua.

Twende kwenye kambi ya Mogambo, iliyopigwa 1952 kuingia 1953 huko Tanganyika, Kenya na Uganda, na John Ford akiiongoza. Kampuni ileile ya Trader Horn ilikuwa imejifunza. Kando ya Mto Kagera iliweka mahema yapatayo 300, yakiwamo 13 ya kulia chakula, hema la sinema, na hospitali yenye mashine ya eksirei. Mwituni! Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly walikuwa na daktari karibu kuliko raia wengi wa maeneo yale walivyokuwa naye. Hata hivyo Ford mwenyewe aliugua kuhara damu kwa amiba, na ajali za barabarani ziliua watu wa kikosi. Mashine ya eksirei haimsaidii dereva aliyechoka kwenye barabara ya vumbi.

Uchovu ndio ugonjwa ambao watu wa filamu walichelewa zaidi kuuita ugonjwa. Machi 1997 msaidizi wa mpiga picha wa miaka 35, aliyekuwa akifanya kazi kwenye Pleasantville, alitoka kazini baada ya siku ya saa 19, akasinzia kwenye usukani akielekea nyumbani, akafa. Wenzake walikusanya saini zaidi ya 10,000 wakitaka siku ya kazi isizidi saa 14. Haskell Wexler, mpiga picha mkongwe mwenye Oscar mbili, alitengeneza filamu juu ya jambo hilo, Who Needs Sleep?, iliyotoka 2006. Wexler alikuwa na miaka zaidi ya 80 na angeweza kukaa kwake akipokea heshima. Akabeba kamera akaenda kuwauliza watu wamelala saa ngapi. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa tuzo zake zote.

Ukomo wa saa 14 haukupita. Janga la Uviko lilipokuja 2020, studio zikaonyesha kwamba zinaweza kufanya yale yaliyoitwa hayawezekani: watu wa afya kwenye kila seti, vipimo vya mara kwa mara, watu kugawanywa kwenye kanda ili wasiambukizane. Waliozoea kuambiwa hakuna muda wala fedha za afya wakaona vyote viwili vimepatikana. Oktoba 2021 chama cha mafundi na wafanyakazi wa nyuma ya kamera, IATSE, kiliwaita wanachama wake wapatao 60,000 kupiga kura ya mgomo. Katika kura hiyo, asilimia 98 walikubali. Malalamiko yao makubwa yalikuwa usingizi na chakula. Mikataba ilishasema kikosi kipewe chakula ndani ya saa 6, la sivyo mwajiri atozwe faini, lakini faini ilikuwa ndogo kiasi kwamba watayarishaji waliona ni nafuu kuilipa na kuendelea kupiga picha. Mgomo haukufika, maana makubaliano yalipatikana: faini zikaongezwa, mapumziko yakawa angalau saa 10 kati ya siku moja na nyingine, na saa 54 za wikiendi.

Makubaliano hayo ni ya Marekani, na kazi ya filamu ipo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam pia. Wageni waliokuja kupiga The Constant Gardener Kibera na Loiyangalani, filamu ya 2005 kuhusu dawa zinazojaribiwa kwa maskini, walianzisha mfuko wa hisani kwa ajili ya sehemu hizo mbili. Lilikuwa jambo jema, na ni la ukarimu. Mkataba ni kitu kingine. Kijana anayebeba taa kwenye tamthilia ya Kiswahili anahitaji karatasi inayosema atakula saa ngapi, maji ya kunywa yanatoka wapi, nani anamlipia hospitali akidondokewa na stendi, na gari gani linamrudisha Mbagala au Kayole kazi ikiisha saa nane usiku. Mtayarishaji anayepanga bajeti wiki hii anaweza kuyaandika hayo manne kabla hajalipia kamera.