Somo la Historia: Ndia na Njia

Leo hatutasoma habari za vita wala za wafalme. Tutasoma habari za neno moja dogo: njia.

Mtu wa Unguja husema njia. Mtu wa Mombasa wa asili husema ndia. Wa Unguja hununua mchele, wa Mombasa hununua mtele. Na mtu wa Mombasa akikwambia, "Ndoo!" usimletee chombo cha maji; anakuita uende kwake.

Maneno haya si makosa. Ni Kimvita, lugha ya Mombasa. Ndiyo aliyotungia mashairi Muyaka bin Haji, zama za Mazrui, ambao utawala wao ulikwisha mwaka 1837. Sultani Seyyid Said alipokuwa akiutaka mji ule, Muyaka alimjibu kwa ulimi huo huo. Wenyeji wa Mombasa, yaani Thenashara Taifa, makabila kumi na mawili, walijuana kwa usemi. Ukifungua kinywa tu, umekwisha kutaja kwenu.

Basi ilikuwaje vitabu vyenu vikaandikwa njia? Misafara ya biashara kutoka Unguja ilikuwa imekwisha kukipeleka Kiunguja bara, hata Ujiji na Kongo. Wamisionari wa Unguja walichapa vitabu kwa Kiunguja, lakini wenzao wa Mombasa walichapa kwa Kimvita. Serikali za Kiingereza zikaona taabu, maana vitabu vya namna mbili ni gharama mara mbili. Mwaka 1928 mkutano ukafanywa, na tena ukafanywa Mombasa kwenyewe, mji wa Muyaka! Huko ndiko Kiunguja kilikochaguliwa. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kukagua vitabu vya shule.

Faida ilikuwako, wala tusiifiche. Msomaji wa Kisumu na msomaji wa Songea waweza kusoma kitabu kimoja. Lakini fikirini mtoto wa Mombasa aandikaye ndia, kama alivyomsikia mama yake, akaambiwa amekosa. Mimi naona hapo haki ilipotea. Kuchagua lugha ya vitabu ni jambo moja. Kumwambia mtu kwamba usemi wa kwao ni kosa ni jambo jingine kabisa.

Wenyewe hawakuuacha. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa maandishi yake ya siasa. Humo gerezani alitunga mashairi kwa Kimvita. Kitabu chake, Sauti ya Dhiki, kilitoka mwaka 1973, na kimepata wasomaji mbali sana na Mombasa.

Sasa, mwalimu, chukua chaki. Andika ubaoni: ndia, mtele, ndoo. Wanafunzi wasome kwa sauti, kisha kila mmoja aseme jinsi kwao wanavyoviita vitu hivi, naye mwenziwe aandike kama alivyosikia.