Densiti: Neno na Bakuli la Maji

Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania mwaka 1967, elimu ya vitu vieleavyo haikuwa ngeni kwa watu wa pwani. Manahodha walijua kukadiria shehena ya jahazi, na kutia farumi chombo kikiwa kitupu ili kisipinduke. Maneno kuelea, kuzama na farumi tulikuwa nayo. Lililotakiwa ni jina la uhusiano baina ya tungamo la kitu na ujazo wake.

Uhusiano huo una kisa chake cha kale. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, anasimulia kwamba mfalme Hiero wa Syracuse alishuku kuwa taji lake la dhahabu limetiwa fedha. Archimedes, aliyeuawa mwaka 212 K.K., alitwaa dhahabu yenye uzito sawa na wa taji, akavizamisha kimoja baada ya kingine. Taji likamwaga maji mengi zaidi. Uzito ulikuwa mmoja, ujazo ulikuwa mbalimbali.

Hapa ndipo penye mtego kwa mfasiri. Katika mazungumzo ya kila siku twasema furushi ni zito, na uji nao ni mzito. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba kitu kizito huzama hawezi kueleza kwa nini msumari huzama na gogo huelea. Neno msongamano nalo humpeleka kwenye umati wa watu. Kwa hiyo twaona densiti, ingawa ni neno la kukopa, lina faida: halina maana nyingine ya kumpotosha.

Hata hivyo, istilahi peke yake haifundishi. Mwalimu na atangulize bakuli la maji, yai bichi na chumvi. Yai jipya huzama katika maji ya kisima. Chumvi ikikorogwa ya kutosha, huelea. Yai ni lile lile. Kilichobadilika ni densiti ya maji. Maji safi yana gramu 1 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, na ya bahari takriban gramu 1.025, ndiyo maana chombo kitokacho baharini hudidimia kidogo zaidi kiingiapo mtoni.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Istilahi nazo huundwa, na kipimo chake ni hiki: je, mwanafunzi aweza kueleza kwa neno hilo alichokiona kwa macho yake?